Cheti Kimegoma, Mablanketi Yanasubiri

Benchi letu liko Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwenye baraza la duka la mablanketi la Elimringi, ambaye sote tunamwita Mangi na yeye anaitika. Mguu mmoja wa benchi umekatika, tumeuwekea tofali, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Wenyeji ndio sisi: Mzee Mwinyimvua, aliyestaafu kazi ya kupakua meli bandarini na mpaka leo tunamwita Winchi, Kasmir, muuza kava na chaja za simu, aliyejipa mwenyewe cheo cha Injinia, na mimi, muuza zipu na vifungo, wanayeniita Zipu kwa sababu, eti, ndicho kitu ninachokosa mdomoni. Uongo mtupu. Abdulatif anatumiminia kahawa, kashata ziko kwenye sahani yake ya bati. Ila Alhamisi ile katikati ya benchi palikuwa na kitu kigeni: laptopu ya dukani, imewekwa juu ya robota la mablanketi, waya wa umeme umevutwa kutoka ndani, na mbele yake Vicky, binti aliyemtengenezea Mangi programu ya duka, kajishika kichwa.

Winchi: Mjukuu wangu, kahawa yako inapoa.

Vicky: Ipoe tu, babu. Na mimi nishapoa.

Injinia: Kwani shida nini? Niambie mimi, hawa wengine watakupotezea muda.

Vicky: Programu haitaki kuongea na kampuni ya malori, kaka Kasmir. Jana jioni imeongea vizuri. Leo tangu asubuhi imegoma.

Injinia: Bando limeisha.

Vicky: Bando lipo.

Injinia: Basi limeisha kimoyomoyo. Huwa linakuonyesha lipo, kumbe halipo.

Hapo nikajua asubuhi imeshaharibika. Kasmir akianza na bando, anaishia chini ya bahari. Namjua.

Lakini siku ile mambo hayakuwa ya mzaha. Kule Njombe kuna shule ya bweni ya wasichana, na watoto walikuwa wamesharipoti tangu jana yake. Mwezi wa saba, Njombe! Mimi nilifika huko mara moja tu, kwenye msiba, nikarudi Dar na kikohozi cha wiki mbili. Matron wa shule, Sista Benedikta, alikuwa ameagiza mablanketi kwa Mangi, na mzigo ulikuwa pale pale barazani, marobota yamefungwa kamba, yameandikwa jina la shule. Usiku uliopita watoto walilala na khanga na makoti yao. Lori la Njombe linaondoka saa sita mchana, na baada ya hilo hakuna jingine mpaka Jumatatu. Na kampuni ya malori siku hizi haipokei mzigo kwa mdomo. Programu ya Mangi lazima ijiunge na ya kwao, ipeleke maelezo, irudishiwe namba. Ukifika getini kwao huna namba, wanakutazama kama umekuja kuomba maji.

Mangi mwenyewe alikuwa anatembea mlangoni, simu mkononi, kichwa kinatoa jasho.

Mangi: Vicky, mwanangu, niambie ukweli. Itapita au haipiti?

Vicky: Nipe muda kidogo, Mangi.

Mangi: Sista amenipigia mara ya tatu. Anasema kuna mtoto ana pumu, amekohoa mpaka asubuhi. Mimi nimempa neno langu!

Injinia: Hebu eleza hiyo programu inafanyaje, binti. Taratibu, kwa ajili ya Zipu.

Nikamtazama tu. Nilinyamaza kwa heshima ya kahawa.

Vicky: Nimeiandika kwa PHP, lugha ya kompyuta. Inafungua soketi ya siri mpaka kwenye mtambo wa kampuni. Si ya ukutani, kaka Kasmir, rudi ukae! Acha huo waya. Ni njia ya mtandaoni, maneno yanapita yamefungwa, mtu wa katikati hasomi. Sasa kabla ya kuongea, mtambo wa kule unatoa cheti: mimi ndiye fulani. Programu yangu inakikagua. Ikiridhika wanaongea. Isiporidhika inakata.

Winchi: Imekata?

Vicky: Imekata. Inaniandikia neno moja tu: uhakiki wa cheti umeshindikana. Haisemi umeshindikana kwa nini. Inanuna, basi.

Winchi: Kama marehemu mke wangu, Mungu amrehemu. Ananuna siku tatu, sababu unaambiwa mwezi ujao.

Tukacheka wote, mpaka Vicky. Upande wa tofali ukayumba, Abdulatif akadaka kikombe hewani.

Vicky akapiga simu kwa Akash, kijana wa mitambo kwenye kampuni ya malori, akaweka sauti ya juu tusikie sote.

— Akash, mambo?

— Poa Vicky. Bado tu?

— Bado. Kwenu mmegusa kitu?

— Tumebadilisha cheti. Cha zamani kilikuwa kinakwisha muda, kipya kimetoka leo leo, saa moja asubuhi. Lakini wenzenu wanapita, Vicky. Tangu asubuhi wa Mbeya wamepita, wa Songea wamepita. Ninyi tu.

— Sisi tu?

— Ninyi tu, dada. Angalia kwenu.

Simu ikakatwa. Injinia akasimama. Akisimama, ujue anataka kutoa hotuba.

Injinia: Si mmesikia? Cheti kipya! Kitu kipya lazima kizingue. Mimi nikifungua katoni mpya ya chaja, tano za kwanza mbovu.

Mimi: Na zilizobaki pia mbovu, Injinia. Sema ukweli.

Winchi: Hapana, mimi naona ni lakiri. Bandarini kontena likija na makaratasi mapya, lakiri haijabandikwa vizuri, linakaa yadi. Linakaa mpaka limeota kutu. Hicho cheti wamekitoa asubuhi na mapema, bosi hajafika, hakina muhuri.

Vicky: Kina muhuri, babu. Nimeangalia aliyekitoa, yupo kwenye orodha ya wanaoaminika. Tena hiyo orodha nimeipakua upya sasa hivi, nikasema labda yetu imezeeka.

Winchi: Basi jina limekosewa.

Vicky: Jina sawa, herufi kwa herufi.

Injinia: Mlango je? Labda wamefunga mlango.

Vicky: Mlango unafunguka. Nikigonga wanaitika. Tunafika mpaka kwenye kuonyeshana cheti, hapo ndipo inakata. Na ile sehemu ya PHP inayofunga maneno kwa siri imewashwa, nimekagua mara mbili. Mitandao mingine yote laptopu hii inafungua, huu mmoja tu. Sijui. Wallahi sijui.

Alisema "sijui" kwa sauti ndogo mpaka nikamwonea huruma. Vicky si wa kusema hivyo. Alipokuja na laptopu yake mara ya kwanza, wafanyabiashara watatu wa mtaa huu walimwambia arudi na kaka yake. Mangi peke yake ndiye aliyemwambia kaa hapa, niambie unafanyaje. Leo Mangi anatembea mlangoni, na binti anaona kabisa ni yeye anayemwaibisha.

Injinia: Tatizo ni Magogoni, pale kwenye feri.

Tulijua litakuja.

Mimi: Magogoni imefanya nini?

Injinia: Wewe unadhani mtandao unapita wapi? Kuna waya unatoka mjini unavuka kwenda Kigamboni, umelala chini. Feri ikipita na pangaboi lake, inaukwaruza. Leo asubuhi feri zimejaa. Waya umekwaruzwa, maneno yanafika nusu, cheti kinafika hakina kichwa.

Winchi: Kasmir, mimi maji yale nimeyaangalia miaka. Pangaboi la feri haligusi chini.

Injinia: Haligusi, lakini linatikisa maji. Maji yanamtikisa pweza.

Mimi: Pweza ametoka wapi tena?

Injinia: Pale soko la samaki wanamtoa wapi? Si hapo hapo! Pweza amekumbatia waya. Na pweza anabadilika rangi, mnajua wenyewe. Akibadilika rangi, na cheti kinabadilika rangi. Kimetoka kule kijani, kimefika hapa chekundu. Kompyuta ikaona chekundu, ikasema hatari, ikakata. Sayansi hiyo.

Abdulatif: Na wa Mbeya wamepitaje?

Injinia: Wa Mbeya hawana pweza! Mimina kahawa, Abdulatif, haya mambo hayakuhusu.

Winchi naye, badala ya kumkemea, akaanza kuwaza. Nikamwona kabisa anawaza.

Winchi: Mimi nasema maneno yetu yamezuiliwa yadi. Mtambo wa kule una mkaguzi. Kila herufi inashushwa, inapimwa, inapandishwa. Mablanketi ya shule ni mzigo mkubwa, herufi nyingi. Foleni. Vicky aandike maneno machache tu: blanketi, Njombe, haraka.

Mimi: Ninyi wote mmepotea. Mimi nitawaambia kitu kimoja, na mkicheka shauri yenu. Hiyo laptopu ina usingizi.

Injinia: Ala!

Mimi: Mangi kila jioni anaifunika blanketi. Nimemwona kwa macho yangu. Blanketi la sufu, zito, la Njombe hasa. Asubuhi hii ameifunua, lakini haijaamka. Ipo macho wazi, akili bado imelala. Unaionyesha cheti, inasema nani wewe, sikujui.

Wakanicheka. Injinia akanipiga mgongoni, akasema nirudi kwenye zipu zangu. Sawa. Nikanywa kahawa yangu. Mtaona wenyewe.

Simu ya Mangi ikaita tena. Akaangalia jina, hakupokea. Ikaita mpaka ikakata. Sijawahi kumwona Mangi anaogopa simu, mtu ambaye hata wanaomsema vibaya anawapokea.

Mangi: Vicky. Hakuna njia nyingine?

Vicky akakisogeza kikombe pembeni.

Vicky: Ipo moja.

Mangi: Ipi?

Vicky: Mstari mmoja tu. Nauambia programu isikague cheti. Ipokee yeyote atakayeitika.

Injinia: Sasa binti, muda wote huo umetuacha na mapweza hapa! Andika!

Vicky: Kaka Kasmir, ikiacha kukagua, haijui tena inaongea na nani. Mtu akijiweka katikati akasema mimi ndiye kampuni ya malori, tunampa kila kitu. Majina ya wateja wa Mangi, namba zao za simu, mzigo unatoka hapa saa ngapi unafika wapi. Anayetaka kuiba lori zima tumemchorea ramani.

Winchi: Kwa leo tu, mjukuu wangu. Kesho uwashe.

Vicky: Kila mtu husema kwa leo tu, babu. Nimeshakuta programu za watu, mstari huo upo humo miaka, aliyeuandika alisema atarudi kesho. Najijua na mimi. Ikishapita, sitarudi.

Mtaani kelele ziko vile vile, mkokoteni unapigiwa mluzi, mtu anatangaza soksi. Mangi akaja akasimama mbele ya Vicky, akaweka mkono juu ya robota.

Mangi: Mwanangu, mimi hayo ya kukagua siyajui. Nakuamini ukiniambia ni hatari. Lakini wale watoto watalala tena kwenye baridi mpaka Jumatatu, na mimi nitakuwa nimelala humu dukani katikati ya mablanketi. Nitalalaje? Zima hicho kitu. Kikitokea kibaya, nitasema ni mimi.

Vicky akaitikia kwa kichwa. Macho yamejaa maji, kidole kiko juu ya kibonyezo. Jamani, sikupenda. Sijui kompyuta, lakini mtu anayefanya kazi yake kinyume na roho yake namjua nikimwona. Mangi alikuwa na haki ya kuomba vile, na hakuwa nayo. Nikageuza uso.

Ndipo akaja mama mmoja.

Ni Anjana, mwenye duka la kushona mapazia mtaa wa pili. Huwa anapita kwa Mangi kuchukua mashuka. Amebeba mfuko wa vitambaa, anahema.

Anjana: Shikamooni wazee.

Winchi: Marahaba, mama. Karibu kahawa.

Anjana: Ahsante, nakimbia. Samahani, saa ngapi sasa hivi? Simu imenizimikia na nina miadi ya daktari wa meno.

Mangi hata hakugeuka. Akaonyesha kidole kwenye kona ya laptopu.

Mangi: Saa nne na dakika hamsini. Hiyo hapo, tazama.

Anjana akainama akatazama. Akatazama tena. Akacheka, kicheko kizuri tu cha mtu asiyejua kwamba amekuta msiba.

Anjana: Hee! Hii kompyuta nani kaifundisha Kiswahili?

Injinia: Kivipi?

Anjana: Si imeandika nne na hamsini! Yangu dukani huandika kumi na hamsini, nne naihesabu mwenyewe kichwani. Hii yenu imeshajua yenyewe. Nani kaifundisha?

Winchi alikuwa na kikombe mdomoni, kikabaki hapo hapo. Injinia alifungua mdomo akaufunga, na hilo mimi sijaliona tangu nimfahamu. Sote tulikuwa tumekaa mbele ya kile kioo asubuhi nzima, tunaiona nne, tunasoma saa nne, tunaendelea na mapweza. Nani angeshtuka? Ni saa nne kweli! Hata Vicky, jicho lake lilipita pale mara mia, likakuta saa inayosema ukweli, likaendelea na safari.

Kidole cha Vicky kikatoka kwenye kibonyezo polepole.

Vicky: Mangi.

Mangi: Naam.

Vicky: Nani kagusa saa ya hii laptopu?

Mangi: Saa? Ah, hiyo. Mimi. Nimeirekebisha asubuhi nilipofungua duka. Kwani?

Vicky: Umeirekebishaje?

Mangi: Ilikuwa inasema nane, na ilikuwa saa mbili. Nikaiweka mbili. Ikarudi nane yenyewe! Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima kile kijirekebishacho, nikaiweka mbili tena. Ikatulia.

Vicky: Mangi, kwa nini?

Mangi: Kwa ajili ya risiti! Kuna mteja wangu wa Ifakara, Ansbert, anatumwa mizigo na mzee wake. Alinunua hapa saa nne, risiti ikaandika kumi na kitu. Mzee akasoma, akamwambia, asubuhi yote ulikuwa wapi mpaka ukanunue saa kumi jioni? Ansbert kanipigia juzi analia, mtu mzima! Mimi nikaona aibu. Duka liko Kariakoo, wateja Waswahili, muuzaji Mchaga anayesema Kiswahili. Kompyuta ndiyo mgeni hapa. Nikasema ifuate wenyeji.

Mtu mwenye busara angefanya nini hapo? Mimi ningefanya hivyo hivyo. Wengi tungefanya.

Vicky akaanza kucheka. Alianza taratibu, halafu akashindwa kujizuia, akacheka huku anafuta machozi kwa kiganja, na benchi likayumba tena na hakuna aliyejali.

Injinia: Sasa mbona unacheka? Saa inahusiana nini na cheti?

Vicky: Cheti kimeandikwa kimeanza kazi lini, kaka Kasmir! Akash kasema, leo saa moja asubuhi. Sasa laptopu imeandikiwa nne na hamsini. Kwa kompyuta hiyo si saa nne yetu. Hiyo ni saa kumi na dakika hamsini alfajiri! Inaona bado giza. Analetewa cheti cha saa moja asubuhi, anasema: saa moja yenyewe haijafika, hiki cheti bado hakijazaliwa. Anakikataa. Na yuko sahihi kabisa, masikini!

Nikasimama. Sikuweza kukaa.

Mimi: Nilisema nini mimi? Nilisema nini? Nilisema imelala! Nilisema macho wazi, akili bado usingizini! Injinia, nipige tena mgongoni!

Injinia: Ulibahatisha.

Mimi: Alfajiri! Inadhani ni alfajiri! Blanketi la sufu!

Winchi: Kaa chini, Zipu, utatumwagia. Mjukuu wangu, na ile mitandao mingine mbona inafunguka?

Vicky: Vyeti vyao vya zamani, babu. Vimeshazaliwa tangu mwezi uliopita. Ni hiki kichanga tu. Yaani tungekaa hapa mpaka saa saba mchana, ingepita yenyewe, na tusingejua mpaka kufa kwa nini.

Mangi: Lori linaondoka saa sita.

Vicky: Ndiyo, Mangi. Hebu nipishe.

Akaingia kwenye mipangilio, akawasha kijirekebishacho. Ile nne kwenye kona ikageuka kumi mbele ya macho yetu, na Anjana akasema "Ah, imesahau" kwa masikitiko ya kweli. Ule mstari wa kuzima ukaguzi, Vicky aliufuta herufi moja moja, tunamwona. Halafu akabonyeza kutuma.

Kasmir akashika mkono wangu. Sitamwambia mtu, lakini alinishika.

Namba ikatokea. Ndefu, ina herufi mbele, nzuri kama jina la mtoto wa kwanza. Mangi akaisoma kwa sauti, akarudia, akapiga kelele "Twende kazi!" mpaka muuza soksi akageuka. Wabeba mizigo wakaja na mkokoteni, marobota yakapanda, na Mangi mwenyewe, mtu wa kitambi chake, akasukuma nyuma mpaka kona, huku anapiga simu.

Mangi: Sista! Sista, mzigo unaondoka! Ndiyo, leo! Ah, ilikuwa kompyuta tu, ilikuwa na... ilikuwa imelala, Sista.

Mmesikia? Amesema imelala. Nilikuwa pale.

Vicky alichukua kikombe chake kilichopoa tangu asubuhi, akakinywa chote, akasema ni kitamu. Kahawa ya baridi, kitamu! Winchi akamkatia kashata.

Winchi: Bandarini tulikuwa na saa mbili ukutani. Moja ya meli, moja ya watu. Ukitaka kujua meli inaingia lini unatazama ile, ukitaka kujua chakula kinaiva lini unatazama hii. Hakuna aliyegombana.

Mimi: Na hayo, mzee, ulikuwa unayaweka ya nini asubuhi yote?

Winchi: Hakuna aliyeniuliza.

Lakini Vicky alikuwa ameyasikia. Mangi aliporudi kutoka geti la malori, amelowa shati, amebeba chungwa la kila mtu, alikuta binti bado anaandika.

Mangi: Basi tena mwanangu, pumzika. Mimi saa sitaigusa. Ansbert nitamwandikia kwa kalamu.

Vicky: Usimwandikie. Laptopu ibaki na saa ya meli. Risiti itakuwa na ya watu. Jaribu.

Mangi akaingia ndani, akamuuzia Anjana mashuka mawili. Miadi ya meno alishaikosa, akasema jino lenyewe limenyamaza kwa kicheko. Mashine ikatoa risiti. Mangi akatoka nayo mlangoni, akaishika mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wetu, akatusomea.

Mangi: "Saa sita kasorobo mchana." Kasorobo! Ameandika kasorobo!

Akaikunja, akasahau kumpa Anjana, akaitia mfukoni kwake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikaa, tena upande wa tofali.

Jumamosi asubuhi tulikuwa hapo hapo, birika la Abdulatif limeshafika nusu, Injinia anaeleza kwamba pweza alihusika kwa kiasi chake. Simu ya Mangi ikaita. Akaangalia jina, akapokea kabla haijaita mara ya pili, akaweka sauti ya juu.

— Mangi, Benedikta hapa, wa Njombe.

— Shikamoo Sista. Mzigo umefika salama?

— Ulifika jana, tukagawa kabla ya sala ya jioni. Nakupigia kukushtaki.

Mangi akatutazama. Vicky akaacha kutafuna.

— Kunishtaki, Sista? Yamekosekana?

— Yametosha. Lakini asubuhi hii nimepiga kengele ya kuamka, Mangi. Nimepiga, nimepiga, mkono umechoka. Bweni zima hakuna aliyeamka. Hata yule wa pumu, hajakohoa usiku kucha, amelala hadi sasa hivi.

Mangi akafuta uso kwa kiganja, akampa Vicky simu.